Baba Yuko Hanga

Lidwina alisimama kwenye kikao cha wazazi, akaongea dakika tatu, akapigiwa makofi, na kwa makofi hayo akajiponza mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Nyasi za uwanja wa shule, pale Msamala, zilikuwa zimefika kiunoni baada ya mvua za mwaka huu. Wiki ile mtoto wa darasa la tatu, akifyeka kwa fyekeo refu kuliko yeye, alikanyaga nyoka. Nyoka alikimbia, mtoto naye alikimbia, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyeumia. Lakini wazazi walikuja juu. Wengi walinung'unika wakiwa wamekaa, maana kunung'unika hakuhitaji kusimama. Lidwina, ambaye huuza vitumbua nje ya geti la shule na kwa sababu hiyo hujiona nusu mwalimu, alisimama.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi," alisema, na kama wote wanaoanza hivyo, alikuwa nayo. "Watoto tumewaleta kusoma, hatukuwaleta kuchokoza nyoka. Watafutwe watu wazima wa kufyeka. Ina maana nchi hii haina watu wazima? Watu wapo!"

"Wapo!" wakaitikia wazazi, na makofi yakapigwa mpaka kuku wa mlinzi wakaruka ukuta.

Jumanne asubuhi Mwalimu Leticia, wa darasa la pili, alikuja mezani kununua vitumbua vyake vinne vya kila siku. Akauma kimoja palepale, akatabasamu mdomo ukiwa umejaa.

"Mama Anjelika, sauti yako imefika mbali. Mkuu aliandika barua, na wamekubali. Keshokutwa Alhamisi tunaletewa watu ishirini. Siku mbili tu, uwanja utakuwa mweupe kama sahani."

"Ashukuriwe Mungu. Watu wa wapi hao?"

"Wafungwa."

Lidwina alikuwa anageuza kitumbua. Mkono ukasimama hewani na kitumbua kikiwa nusu ndani ya shimo la kikaango, nusu nje.

"Na mzee huko Hanga hajambo?" Mwalimu Leticia akaendelea, akitafuta chenji kwenye pochi. "Anjelika ametuchorea lile zizi analojenga kwa mabruda. Dada, zizi lina ghorofa! Nimemwuliza, ng'ombe watapandaje? Akasema baba ataweka ngazi."

"Hajambo," alisema Lidwina. Kitumbua kilikuwa kimeungua upande mmoja. Akakitoa, akakiweka pembeni, kwa sababu kitumbua kilichoungua humlaumu mtu akikitazama.

Mwalimu Leticia alihamia shuleni pale muhula huu, kwa hiyo hakuwa na kosa. Watu wazima wengine wote wa mtaa ule walijua kwamba Polikarp, mume wa Lidwina, hakuwa akijenga kitu chochote kwa watawa wa Hanga. Alikuwa gerezani, hapa hapa Songea, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka kwenye meza ya vitumbua. Waliofichwa ni watoto, na wa kwanza wao ni binti yake Anjelika, mwenye miaka minane kasoro.

* * *

"Mtoto ataumwa tumbo," alisema Bibi Notburga.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akichambua maharage. Huyu ndiye mama yake Polikarp, na ndiye mtunzi wa habari za Hanga. Alikuja kutoka Lusewa siku mwanawe alipohukumiwa, akakuta mkwewe amejifungia chumbani na mtoto anauliza baba yuko wapi, akajibu neno la kwanza lililomjia.

"Ataumwaje tumbo, mama? Ni mzima."

"Watoto huumwa tumbo. Alhamisi anaumwa, Ijumaa anaumwa, Jumatatu amepona. Nyasi zimefyekwa, wafungwa wamerudi kwao."

"Polikarp akiwa kati ya hao ishirini, darasa zima linamjua. Alikuwa anampeleka Anjelika na baiskeli kila asubuhi, anawabeba na wenzake wawili wawili. Mtoto akibaki nyumbani, Jumatatu Zabibu atamwambia, 'Tumemwona baba'ko amevaa zile nguo za chungwa za jela.' Atamwambia mbele ya watu. Wewe unamjua Zabibu."

Bibi alimjua Zabibu. Kila mtu Msamala alimjua Zabibu, jirani yao, mtoto aliyeweza kumwuliza padri kwa nini ana tumbo.

"Akiambiwa na Zabibu," alisema Bibi taratibu, "atakuja kutuuliza sisi. Na sisi tutakataa."

"Mama!"

"Nini? Mimi ni mtu mzima, nikikataa nakataa. Ulitaka siku ile nimwambie nini? Ulikuwa umefunga mlango unalia. Mtoto ameng'ang'ania gauni langu. Nikasema Hanga. Ni mahali pazuri. Ningesema Dubai ingekuwa uongo mkubwa."

Lidwina alitaka kucheka na hakuweza. Akakaa naye mkekani, akachukua maharage mkononi.

"Basi mpeleke Lusewa siku mbili tatu," Bibi akashusha sauti. "Kwa kaka yangu Leo. Akacheze na wenzake huko."

"Kwa Babu Leo? Ambaye mbolea yake ilikuwa kwenye mifuko ileile?"

Bibi alichambua maharage matano mazuri, akayatupa pamoja na mabovu. Mifuko ilikuwa sita, ya mbolea ya ruzuku, na Polikarp ndiye aliyekuwa akishika funguo za ghala. Katika wakulima waliofika na kukuta majina yao yameshatiwa saini, mmoja alikuwa mjomba wake mwenyewe.

"Ukimwambia mtoto kwamba baba yake mwizi," Bibi alisema mwishoni, "umemvunja mgongo ukiwa bado haujakomaa. Mimi nimezaa saba. Nakwambia."

"Na akivunjwa na Zabibu?"

"Zabibu hana nguvu hizo."

Anjelika akaingia na begi la shule, magoti yana vumbi. "Shikamoo bibi, shikamoo mama. Mwalimu amesema Alhamisi tusilete mafyekeo, kuna watu watakuja. Mama, tumbo linaniuma, nina njaa."

Bibi Notburga alimtazama mkwewe kama mtu aliyeletewa shahidi mahakamani.

* * *

Jumatano, baada ya kuuza vya asubuhi, Lidwina alichagua vitumbua kumi vilivyoiva vizuri kuliko vingine, akavifunga kwenye kibakuli cha plastiki, akaenda gerezani. Alitembea haraka mwanzoni, kisha taratibu, kisha akasimama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Leo si siku ya kutembelea," alisema askari wa getini bila kumtazama.

"Sijaja kutembelea. Namwulizia Afande Dastan, anayesimamia kazi za nje."

"Una shida gani naye?"

"Nimekuja kuomba mume wangu asitolewe."

Hapo ndipo yule askari alipomtazama. Akamwita mwenzake. "Hebu njoo usikie. Kila mwanamke anakuja hapa analia mumewe atoke. Huyu anaomba abaki ndani!" Wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka kwa muda mrefu, na jua lilikuwa kali, na wanawake wawili waliokuwa wakipita na kuni kichwani walipunguza mwendo ili wasikose kitu.

Afande Dastan alikuja baada ya nusu saa. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alimsikiliza Lidwina mpaka mwisho, jambo ambalo lilimtisha Lidwina zaidi kuliko kama angemkatiza.

"Polikarp," alisema Afande. "Mama, orodha ile ilikuwa imejaa. Mumeo aliposikia ni shule ya hapo Msamala, alimfuata mwenzake aliyekuwa kwenye orodha, akampa maharage yake ya siku nne ili abadilishane naye. Siku nne amekula ugali kwa chumvi. Ameomba mwenyewe."

"Ameomba? Anajua mtoto ameambiwa yuko Hanga!"

"Anajua. Anasema atavaa kofia aivute chini. Atafyeka kona ya mbali. Anataka amwone tu, mtoto asimwone."

"Yule mtoto anamjua hata kwa kisigino."

"Ndivyo nilivyomwambia. Mimi nina wanne."

Lidwina akasogeza kibakuli mbele. Alikiegemeza tu kwenye mkono wa Afande, kama kwa bahati mbaya.

Afande Dastan alikitazama kile kibakuli. Vitumbua vilikuwa bado na uvuguvugu, vimeloanisha mfuniko kwa mvuke. "Hivi vina iliki?"

"Vina iliki."

Akameza mate. "Rudi navyo, mama. Mimi nalinda watu wasitoroke. Siri za nyumbani hazimo kwenye orodha ya kazi zangu." Kisha, alipokwisha kugeuka, akageuka tena. "Kesho saa mbili tutakuwa hapo. Una leo."

* * *

Una leo. Lidwina alirudi na maneno hayo, na mchana mzima yakamfuata kama kuku anayetaka mchele.

Saa tisa alimkalisha Anjelika kati ya magoti ili amsuke. Alikuwa amepanga. Nywele ni mahali pazuri pa mazungumzo magumu. Mtoto hawezi kukimbia, na hamtazamani usoni.

"Anjelika."

"Bee."

"Kulikuwa na mtu mmoja. Alikuwa na kazi nzuri."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Jina lake?"

"Hana jina. Sikiliza. Alikuwa na kazi nzuri, na watu walikuwa wanamwamini, wanamwachia vitu vyao..."

"Wanamwamini na hawajui jina lake?"

Lidwina akasuka mstari mzima kwanza. "Basi alikuwa anaitwa Pankrasi. Huyo Pankrasi akafanya kosa."

"Kama yule Pankrasi mwenye mashine ya kusaga? Alifanya kosa gani? Ndiyo maana unga wake una mchanga?"

Hivyo ndivyo mtu asiye na hatia hata kidogo alivyoharibiwa jina uani mwa watu, na Lidwina akalazimika kutumia robo saa nyingine kumsafisha. Nywele zikaisha. Mtoto akasimama, akajipapasa kichwa, akasema, "Mama, leo umenikaza sana," akaenda kucheza.

Saa kumi na moja alijaribu tena wakiosha vyombo, na safari hii alifika mpaka "Baba yako..." Anjelika akainua uso wote, macho yote, meno yote isipokuwa mawili ya mbele ambayo bado yalikuwa njiani. "Anakuja?" Lidwina akasema sufuria ile haijatakata.

Na saa kumi na mbili jumuiya ya sala ya mtaa ikaja. Ilikuwa zamu ya nyumba yao kusali, na zamu haijui shida za mtu. Waliingia majirani kumi na wanne, na mwenyekiti wao Mzee Valence mbele, akiwa na kitabu chake cha nyimbo kilichofungwa kwa mpira. Mzee Valence alikuwa mtu anayeogopa sana uongo. Bibi Notburga alipozunguka nyumba kwa nyumba mwezi wa pili kuwaomba wote washike neno moja kwa ajili ya mtoto, yeye hakulala. Asubuhi alileta suluhisho: yeye na jumuiya yake hawatasema kamwe kwamba Polikarp yuko Hanga. Mtoto akisema, wao wataitikia tu. Kuitikia si kusema. Wote waliona kwamba mzee ana hekima, na tangu hapo waliitikia.

Walisali, wakaimba, wakafika kwenye maombi. Kila mmoja alitoa lake: mgonjwa, mvua, mtihani. Kisha kukawa kimya, kile kimya ambacho jumuiya nzima ilikuwa imekizoea na kukiogopa, na Anjelika akafumba macho.

"Tumwombee baba yangu Polikarp aliyeko Hanga. Asidondoke kwenye zizi. Na mabruda wampe ruhusa aje, hata siku moja tu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakasema watu kumi na wanne kwa sauti ya sakafuni.

Lidwina hakuitikia. Alikuwa anahesabu: ruhusa ile mtoto anayoiomba kwa miezi mitatu ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa ya kesho, saa mbili.

Wageni walipoondoka, Bibi alikunja mkeka. "Umemsikia? Mtoto ana imani. Utamvunjia imani?"

"Ana imani na sisi, mama," alisema Lidwina. "Hilo ndilo linaloniua."

* * *

Asubuhi walitoka pamoja kama kila siku. Lidwina alibeba beseni la unga uliochachuka kichwani na jiko mkononi, Anjelika alibeba kidumu cha mafuta. Bibi alisimama mlangoni, akamtazama mkwewe usoni, akaelewa, akaingia ndani bila kuaga.

Walipofika kwenye kalavati, kabla ya kona ya shule, Lidwina alisimama.

"Nisaidie kutua."

"Tumechoka mapema leo," alisema Anjelika kwa sauti ya bibi yake, akasaidia.

Wakakaa kwenye ukingo wa saruji. Bodaboda mbili zilipita. Lidwina alisubiri zipite, akasubiri na vumbi litulie, na vumbi lilipotulia hakubaki na kitu kingine cha kusubiri.

"Baba yako hayuko Hanga."

Anjelika alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. "Amehamishwa?"

"Hajawahi kwenda Hanga. Yuko gerezani. Hapa hapa mjini, tangu mwezi wa pili."

Kidole kikasimama.

"Walimsingizia?"

Swali lile lilikuwa mlango mpana, umefunguliwa na mtoto mwenyewe. Wangepita wote watatu, Lidwina, Anjelika na Polikarp, bila mtu kugonga kichwa. Bibi Notburga angepita akikimbia. Lidwina aliutazama mlango ule, akaufunga.

"Hapana. Hawakumsingizia. Alichukua mifuko sita ya mbolea pale ghalani, akaiuza. Haikuwa yake. Ilikuwa ya wakulima."

"Tulikuwa na njaa?"

"Hapana. Tulikuwa tunakula."

"Sasa kwa nini?"

"Alitaka kuongezea hela anunue pikipiki."

Anjelika alifikiri. "Krismasi tulipoenda Lusewa mahindi ya Babu Leo yalikuwa ya njano. Nilimwuliza baba kwa nini ni ya njano. Akasema ni mbegu."

"Hazikuwa mbegu. Yalikosa mbolea."

"Kumbe alikuwa anajua." Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu, wala hakulia, na Lidwina angetoa beseni zima la unga ili alie. "Bibi anajua?"

"Anajua."

"Mzee Valence?"

"Anajua."

"Wale wote waliokuwa wanaitikia?"

"Wote, mwanangu."

"Kwa hiyo nilikuwa naomba peke yangu."

Lidwina akalisogeza beseni, ambalo halikuwa limekaa vibaya.

"Na Mungu alikuwa anajua?"

"Yeye anajua kila kitu."

"Mbona hakuniambia?"

"Nadhani alikuwa anatungoja sisi."

"Mmechelewa," alisema Anjelika.

Kengele ya kwanza ikasikika ng'ambo ya kona. Lidwina akamalizia yote kwa haraka, kama mtu anayemwaga maji ya mwisho kwenye ndoo: kwamba leo wafungwa wanakuja kufyeka, kwamba baba yumo, kwamba ameomba mwenyewe aje ili amwone, kwamba atatoka mwezi wa kumi.

"Nikimwona nifanye nini?"

"Sijui."

"Wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo. Na sijui."

Mtoto akashuka kwenye ukingo, akachukua kidumu chake cha mafuta, akatangulia. Kila siku kwenye kona ile alikuwa akishika ncha ya kitenge cha mama yake kwa sababu ya pikipiki. Leo hakushika. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuka peke yake.

* * *

Lori lilifika saa mbili na dakika tano. Watu ishirini wenye nguo za rangi ya chungwa walishuka, wakahesabiwa, wakapewa mafyekeo, wakahesabiwa tena. Afande Dastan alitangaza kwa ile sauti yake kwamba mfungwa haongei na raia na raia haongei na mfungwa, na kwamba kamba iliyofungwa kuanzia mti wa kwanza hadi mti wa mwisho ni ukuta. Kati ya wote ishirini ni mmoja tu aliyevuta kofia mpaka puani. Hivyo ndivyo mtu anavyojificha ikiwa anataka kutazamwa na shule nzima.

Lidwina alimwona tangu anashuka. Amekonda. Mabega yametangulia mbele. Akainamia kikaango, akamimina unga kwenye mashimo bila kuhesabu, hata mengine yalipata mara mbili na mengine hayakupata.

Saa nne kengele ya mapumziko ikalia, na watoto wakamiminika. Siku nyingine wangekuja kwenye vitumbua. Leo walikwenda kwenye kamba. Walijipanga kama watazamaji wa mpira, wakanyoosha vidole, wakaulizana yupi ameua. Mmoja akapaza sauti, "Wezi!" akajificha nyuma ya wenzake. Wafungwa waliendelea kufyeka. Walikuwa wameshasikia zaidi ya hayo.

Lidwina alimwona Anjelika akija nyuma, peke yake, mikono nyuma ya mgongo. Na alimwona Zabibu akigeuka.

"Anjelika!" Zabibu hakujua kunong'ona. "Yule wa kona, mwenye kofia, kama baba'ko. Lakini baba'ko si yuko Hanga?"

Vichwa vyote viligeuka. Hata yule aliyejificha alichungulia. Lidwina aliinuka kwenye kigoda, akafika mpaka getini, akasimama hapo. Huko nyuma vitumbua vilianza kuungua na harufu ikasambaa, na hakuna aliyeisikia.

Anjelika alitazama kwenye kona. Fyekeo la kule lilikuwa limesimama.

"Hayuko Hanga," alisema. "Ni yeye. Aliiba mbolea."

Mtoto mmoja akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha.

"Mifuko mingapi?" akauliza Zabibu.

"Sita."

"Eeh!" Zabibu alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya sukari. "Atatoka lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Sasa mbona hujamwamkia?"

"Nimekasirika."

"Hata ukikasirika unaamkia," alisema Zabibu. "Mama yangu akinichapa usiku, asubuhi namwamkia. Ndiyo sheria."

Watoto wengine walikubali kwamba ndiyo sheria. Anjelika akasogea mpaka kwenye kamba. Hakuivuka. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya upole, ilikuwa ya kutimiza wajibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Shikamoo, baba."

Mafyekeo kumi na tisa yakasimama. Polikarp alimtazama Afande Dastan. Afande Dastan, aliyekuwa ametangaza sheria kwa kinywa chake mwenyewe, aligeuka taratibu, akaanza kuhesabu wafungwa wa upande wa barabarani, ambako hapakuwa na mfungwa hata mmoja.

Polikarp akavua kofia.

"Marahaba," alisema, akaiweka kofia kifuani. "Marahaba, mama yangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Ikawa zamu ya Polikarp kuongeza kitu. Alitazama viatu vya binti yake, akatazama nyasi. Alikuwa amekula ugali kwa chumvi siku nne kwa ajili ya dakika hii, wala hakuwa amepanga la kusema, kwa sababu alipanga asionekane.

Anjelika alinyoosha kidole. "Hapo umeruka. Karibu na jiwe."

Polikarp akageuka, akaona. Kweli kulikuwa na nyasi zimebaki, kama ukuta mdogo. Akarudi, akazifyeka mpaka chini, polepole, shada kwa shada, na mtoto alisimama akikagua mpaka zikaisha. Kisha akageuka, akaondoka bila kuaga.

* * *

Anjelika alikuja moja kwa moja mezani. Lidwina alikuwa amesharudi, anakwangua mashimo ya kikaango kwa kijiko. Vitumbua kumi na viwili vilikuwa vimekuwa mkaa. Alitamani kumshika mtoto, akaogopa kwamba hatakubali kushikwa, akaendelea kukwangua.

Anjelika akakaa kwenye tofali.

"Mama, kuna kingine?"

"Kingine kipi?"

"Ambacho hujaniambia."

Lidwina aliweka kijiko chini. Angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa karibu, jepesi, limezoea njia.

"Kipo," alisema. "Mimi nimemkasirikia sana baba yako. Nikienda kumtembelea natabasamu, nampelekea sabuni, lakini nimekasirika. Na sijui nitaacha lini."

Mtoto alimtazama, akitafuta kama kuna uongo umebaki mahali popote usoni pale.

"Hata mimi," alisema. "Na bibi pia nimemkasirikia. Na wewe."

"Najua."

"Wewe zaidi kidogo."

"Haya."

Lidwina akampa kitumbua kimoja kilichosalimika. Anjelika alikipokea, akakimega, akakila nusu, na ile nusu nyingine akaishika tu bila kujua aifanyie nini, mpaka kengele ikalia. Hakuna kati yao aliyekuwa amemaliza kukasirika, lakini kipindi cha hesabu kilikuwa kimefika. Akainuka, akajifuta mafuta kwenye sketi kama alivyokatazwa mara mia, akakimbia kuingia darasani.